Stori ya Phineas Gage haikuishia pale

Kama unapenda video za ubongo, Phineas Gage unamjua. Chuma kilimpita kichwani, akapona, ila akageuka mtu mbaya. Mwisho. Hata mimi nimewahi kuisimulia hivyo, na leo nimekuja kujirekebisha.

Ilikuwa tarehe 13 Septemba 1848, karibu na Cavendish, Vermont, Marekani. Gage alikuwa na miaka 25, msimamizi wa vijana waliokuwa wanapasua miamba ili reli ipite. Kazi yenyewe: unatoboa mwamba, unamimina baruti, unaweka mchanga juu, kisha unashindilia kwa mtarimbo. Siku hiyo baruti ililipuka mapema. Mtarimbo wa kilo 6, mrefu kuliko mita 1, uliingia chini ya shavu la kushoto, ukapita nyuma ya jicho na kutokea juu ya kichwa. Manze, baada ya dakika chache jamaa alikuwa anaongea! Alipelekwa kwa mkokoteni wa ng'ombe akiwa ameketi, na daktari alimkuta kwenye kiti nje ya hoteli.

Sasa weka kiganja kwenye paji la uso wako. Nyuma ya mfupa huo kuna ubongo wa mbele. Ukanda wake wa nyuma hutuma amri kwa misuli. Sehemu nyingine, kwa watu wengi iko kushoto, hutusaidia kutamka maneno. Ile ya mbele kabisa ndiyo hupanga mambo, hupima matokeo na kukushikia breki usitume ile meseji ya saa nane usiku. Gage aliumia huko mbele, ndiyo maana kutembea na kuongea kulibaki.

Breki ndizo zilipata shida. Daktari wake, John Harlow, aliandika mwaka 1868 kwamba Gage alikuwa na matusi, hana subira, anapanga jambo na kuliacha kabla halijaanza. Marafiki walisema huyu si Gage tena. Kazi yake ya reli hakurudishiwa.

Wengi wetu tunaweka nukta hapo. Lakini mwaka 1852 Gage alisafiri hadi Chile, akafanya kazi huko karibu miaka 7, akitunza farasi na kuendesha magari ya abiria. Hebu fikiria hiyo kazi. Unaamka mapema, unaandaa wanyama, unashika hatamu za farasi 6, na abiria wako nyuma wanaongea lugha ambayo hukuzaliwa nayo. Dere asiye na breki kichwani angemaliza wiki kweli? Malcolm Macmillan, mwanasaikolojia aliyechimbua maisha ya Gage kwa miaka mingi, anaona kuwa ile ratiba ya kila siku ilimsaidia kujifunza upya kuishi na watu.

Mwaka 1859 afya ilizorota, akaenda kwa mamake San Francisco. Akaanza kupata kifafa, na Mei 1860 akafariki akiwa na miaka 36. Fuvu lake na ule mtarimbo viko Harvard hadi leo.

Basi mbona tulibaki na ile nusu ya kwanza tu? Nadhani ni kwa sababu inatisha vizuri. Na mtaani tunafanya vilevile. Msee anaanguka na boda, anaumia kichwa, anarudi akiwa na hasira za haraka na kusahausahau. Miezi miwili tu, tushamwita chizi na kumtoa kwenye grupu.

Sisemi kila jeraha la ubongo hupona. Gage mwenyewe hakurudi kuwa yule wa zamani. Ila kuna mtu aliyeangalia uso wenye kovu na jicho moja lililopofuka, akamkabidhi farasi na abiria. Huyo mtu jina lake hatusimuliwi kamwe, na mimi naona ndiye tuliyepaswa kumkumbuka.