Mwambao wa Kigoma na Ujiji: Malikale na Maajabu ya Asili Yaliyoumbwa na Maji ya Ziwa Tanganyika

Mkoa wa Kigoma, ulioko magharibi mwa Tanzania, una hazina ya malikale na vivutio vya asili vilivyotandaa kutoka chemchemi za chumvi za Uvinza hadi milima ya Mahale. Katika eneo hilo zimo kumbukumbu za Ujiji, mwisho wa njia ya kale ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, na katika Ghuba ya Kigoma kuna bandari na stesheni inayohitimisha Reli ya Kati. Makala haya yanaeleza asili ya maeneo hayo, namna mabadiliko ya kina cha Ziwa Tanganyika yalivyoamua historia yake, na wajibu wa mwananchi katika kuyatunza kwa mujibu wa sheria.

Ziwa lenyewe

Ziwa Tanganyika limo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Urefu wake ni takribani kilomita 670 kutoka kaskazini hadi kusini, na kina chake cha juu kabisa kinafikia mita 1,470. Kwa kina hicho, ni ziwa la pili duniani baada ya Baikal la nchini Urusi. Linamilikiwa kwa pamoja na nchi nne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Mwaka 2003 nchi hizo zilitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa hilo, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura.

Wanasayansi wanakadiria kuwa umri wa ziwa hili unahesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Kwa sababu ya umri huo na kutengwa kwake na maji mengine, limo na mamia ya aina za samaki, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Dagaa na migebuka, wanaojulikana katika masoko ya nchi nzima kwa jina la Kigoma, ni sehemu ya urithi huo.

Maji huingia ziwani kupitia mito mingi, ukiwemo Mto Malagarasi kwa upande wa Tanzania na Mto Ruzizi kwa upande wa kaskazini. Njia ya kutokea ni moja tu, nayo ni Mto Lukuga, ulioko ng'ambo, upande wa Kongo. Hali ya mto huo mmoja ndiyo inayoeleza kwa sehemu kubwa mahali ambapo ufukwe wa Ujiji unaonekana leo.

Uvinza: chumvi ya karne kumi na tano

Kusini mashariki mwa mji wa Kigoma, kando ya Reli ya Kati, iko Uvinza, mahali ambapo Mto Ruchugi unakutana na Mto Malagarasi. Hapo zimo chemchemi zinazotoa maji yenye chumvi nyingi. Kwa karne nyingi wakazi waliyachota maji hayo, wakayachemsha katika vyungu juu ya moto wa kuni hadi ibaki chumvi tupu, kisha wakaifungasha kwa ajili ya safari za mbali.

Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanyika katika miaka ya 1960 ulionesha kuwa kazi hiyo ilikuwepo tangu takribani karne ya tano au ya sita baada ya Kristo, yaani katika Zama za Chuma za Awali. Ushahidi wake ni vigae vya vyungu, majivu na mabaki ya meko yaliyolundikana tabaka juu ya tabaka. Chumvi ya Uvinza ilifika hadi ng'ambo ya ziwa na katika nchi za Maziwa Makuu. Hii ina maana kwamba mtandao wa biashara wa eneo hili ulianzishwa na wenyeji wenyewe, karne nyingi kabla ya misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani ya Bahari ya Hindi.

Uzalishaji wa chumvi unaendelea Uvinza hadi sasa. Kwa sababu hiyo masalia ya kale na shughuli za leo vimo katika ardhi moja, jambo linalohitaji uangalifu mkubwa kila ardhi inapochimbwa.

Ujiji: mwisho wa njia ya misafara

Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mji mashuhuri wa soko katika ufukwe wa mashariki wa ziwa. Misafara ya wapagazi ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora, ikasafiri takribani kilomita 1,200 hadi ukingo wa maji. Sokoni palikutana chumvi ya Uvinza, samaki, mafuta ya mawese, vitambaa na shanga. Palipita pia pembe za ndovu na binadamu waliotekwa, wengi wao kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Sehemu ya wakazi wa Ujiji wa leo ni wazao wa watu waliofika katika kipindi hicho, wakiwemo Wamanyema, na mchanganyiko huo umeufanya mji kuwa mmoja wa vituo vya kale vya lugha ya Kiswahili na dini ya Kiislamu katika bara.

Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858 kwa kuongozwa na watu wa misafara ambao tayari waliifahamu njia. David Livingstone alifika kwa mara ya kwanza mwaka 1869. Alirejea tena kutoka Manyema mwaka 1871 akiwa mgonjwa na akakuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta. Tarehe iliyozoeleka kuandikwa ni 10 Novemba 1871. Mahali hapo pana mnara wa kumbukumbu, makumbusho, na miembe inayoelezwa kuwa ni uzao wa mwembe wa awali ambao chini yake wawili hao walikutana.

Livingstone alifariki dunia mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwili wake ulibebwa na Waafrika aliofuatana nao, wakiongozwa na Chuma na Susi, hadi Bagamoyo, na ukazikwa London mwaka 1874. Kumbukumbu ya Ujiji, kwa hiyo, ni ya watu wengi kuliko wawili wanaotajwa mnarani: ni ya wapagazi, wapiga makasia, wafanyabiashara na watumwa walioijenga njia ile kwa miguu yao. Kwa kutambua uzito huo, mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu katika orodha yake ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Maeneo sita yaliyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Ziwa lilipopanda na kushuka

Mgeni anayefika kwenye mnara wa Ujiji hushangaa kuona kwamba ufukwe uko mbali naye, ilhali simulizi zote zinautaja mji huo kuwa wa ukingoni mwa maji. Maelezo yake yamo katika Mto Lukuga.

Katikati ya karne ya 19 mdomo wa mto huo ulikuwa umezibwa na mchanga, tope na majani. Maji yalikosa pa kutokea, na kina cha ziwa kikapanda mwaka baada ya mwaka. Stanley aliporejea Ujiji mwaka 1876 alikuta maji yamesogea nchi kavu kuliko alivyoyaacha. Mwaka 1878 kizuizi kilivunjika. Mwaka 1879 mmisionari Edward Hore, aliyekuwa na makazi Ujiji, alifika Lukuga na kukuta maji yakitoka kwa nguvu. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa takribani mita 10.

Kwa Ujiji, wenye ufukwe wa mteremko mdogo, kushuka huko kulimaanisha maji kuondoka mbali na soko na mitumbwi kukosa mahali pazuri pa kutia nanga. Wajerumani walipotafuta kituo cha mwisho cha reli, walichagua Ghuba ya Kigoma, iliyo jirani, yenye kina kirefu na kinga dhidi ya mawimbi. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya takribani kilomita 1,250. Ujiji ukabaki mji wa kumbukumbu, Kigoma ukawa mji wa bandari, na leo yote miwili imo katika Manispaa moja ya Kigoma/Ujiji.

Meli iliyozama na kuibuliwa

Alama nyingine ya historia hiyo ni meli ya MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika maelfu ya masanduku hadi Dar es Salaam na kisha Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916, majeshi ya adui yalipokaribia, Wajerumani waliizamisha kwa makusudi baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirejea kazini ikiwa na jina la Liemba, jina la kale la wenyeji wa kusini mwa ziwa. Kwa miongo mingi iliunganisha vijiji vya mwambao ambavyo havikuwa na barabara. Pamoja na jengo la stesheni ya Kigoma lililojengwa na Wajerumani, meli hiyo ni ushahidi wa zama za reli na mvuke.

Gombe na Mahale

Kaskazini mwa mji wa Kigoma ipo Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyopandishwa hadhi hiyo mwaka 1968 na ambayo ni miongoni mwa hifadhi ndogo zaidi nchini. Jane Goodall aliwasili hapo mwezi Julai 1960, na katika mwaka huo huo alishuhudia sokwe wakitumia vijiti kuvua mchwa kichuguuni. Uchunguzi huo ulibadili mtazamo wa sayansi uliodai kuwa binadamu pekee ndiye anayetengeneza na kutumia zana.

Kusini, katika Wilaya ya Uvinza, ipo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 1,613, na kilele chake cha Nkungwe kina urefu wa mita 2,462 kutoka usawa wa bahari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani wamewachunguza sokwe wa Mahale tangu mwaka 1965. Hifadhi zote mbili hufikiwa zaidi kwa boti, na zinasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), ambalo ndilo hutoa vibali na waongozaji. Kwa kuwa sokwe huambukizwa kwa urahisi maradhi ya binadamu, mtu mwenye mafua au kikohozi hapaswi kuwakaribia.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na majengo na miundo iliyojengwa kabla ya mwaka 1886, bila kusubiri tangazo lolote. Vigae vya kale vya Uvinza na mabaki ya nyumba za Ujiji za zama za misafara vimo katika ulinzi huo. Jengo la baada ya mwaka 1886, kama vile stesheni ya reli, hulindwa na sheria hiyo pale Waziri mwenye dhamana anapolitangaza rasmi. Kuchimba kwa lengo la kutafuta malikale bila leseni ni kosa, na kadhalika kuzisafirisha nje ya nchi bila kibali.

Kwa upande wa ufukwe, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Umuhimu wake umeonekana upya kuanzia mwaka 2020, ambapo kina cha Ziwa Tanganyika kimepanda na maji kufunika sehemu za mwambao katika nchi zinazolizunguka. Historia ya Lukuga inathibitisha kuwa ukingo wa ziwa hili haukuwahi kuwa mstari usiosogea. Anayejenga palipokuwa na maji jana anajenga mahali ambapo maji yanaweza kurudi kesho.

Kupanda huko kwa maji kunagusa malikale pia. Familia inayohama ufukweni hutafuta kiwanja juu zaidi, na katika Ujiji ardhi ya juu ndiyo yenye misingi ya nyumba za kale, makaburi na miembe ya njia ya misafara. Mwananchi anayekuta vigae, shanga, mifupa au msingi wa jengo la kale wakati wa kuchimba anatakiwa kusimamisha kazi, kuviacha vilivyokutwa mahali pake, na kutoa taarifa kwa ofisi ya serikali iliyo karibu ili ifikishwe kwa Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Kigae kilichoondolewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya habari kilichobeba, kwa kuwa tabaka la udongo kilimolala ndilo linaloeleza umri wake.