Safu ya lugha: Kupwaya

Nguo ikizidi mwili, inapwaya. Watangazaji wa mpira wamelipeleka neno uwanjani: safu ya ulinzi imepwaya. Nalitaka pia tunapopima rekodi za kwaya zetu za Sumbawanga. Kusema rekodi "ni nzuri" au "haijakaa sawa" hakumsaidii mwalimu wala fundi wa studio. Mwambie besi imepwaya, atajua pa kuanzia: wanachelewa kuingia, au noti ya chini wanaiachia kabla haijaisha. Tena kupwaya si kukosea noti. Kila mwimbaji aweza kuwa sahihi, na wimbo ukapwaya vilevile.

Kipimo hicho kinafaa hata kwa orkestra. Kwa majirani zetu wa Kongo, Orkestra ya Simfoni ya Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa 1994, imeonyeshwa kwenye filamu ya 2010 ikiandaa Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Ukiisikiliza, usikimbilie kuilinganisha na orkestra ya Berlin. Sikiliza kama kwaya na fidla zinashikana au zinapwaya.

Mwangwi wa kanisa kubwa huficha kupwaya. Ndiyo maana fundi anayemwaga mwangwi wa mashine juu ya kila sauti hunitia shaka: huenda kuna besi anayoifunika.