Kilimanjaro na majina yake

Wengi waendao Kilimanjaro kutembea hurudi na habari za theluji na baridi. Leo, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya majina, maana katika mlima ule majina yana vita vyake.

Tuanzie kileleni. Tarehe 6 Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller kutoka Austria walifika ncha ya juu kabisa ya Kibo, yenye urefu wa mita 5,895. Ilikuwa safari ya tatu ya Meyer. Ile ya mwaka 1888 ilikatizwa na vita vya Pwani, akatiwa mbaroni na watu wa Abushiri, akaachiwa kwa fidia. Mara hii alipofika juu aliipa ncha ile jina la mfalme wake, Wilhelm, akaokota na jiwe akampelekea. Jiwe hilo likapachikwa katika ukuta wa jumba la kifalme huko Potsdam.

Uhuru ulipokuja, majina nayo yaligeuka. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kileleni, na ncha ile leo inaitwa Uhuru. Kibanda cha Bismarck kikawa Mandara, kwa heshima ya Mangi Rindi Mandara wa Moshi. Kibanda cha Peters, yule aliyebandikwa jina la Mkono wa Damu, kikawa Horombo, kwa heshima ya mangi wa Keni kule Rombo. Hapo serikali yetu ilifanya jambo la maana.

Hata hivyo kazi haikwisha. Ncha ndefu kuliko zote za Mawenzi ingali na jina la Hans Meyer. Pale lango la Marangu nilisimama mbele ya kumbukumbu ya Meyer, na pia ile ya waongozaji wetu, akiwamo Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayesimuliwa kuwa ndiye aliyemwonyesha Meyer njia, na aliyefariki mwaka 1996. Sisemi la Meyer ling'olewe. Mtu alifika, na aliyefika amefika. Nasema tu kwamba hakujibebea mwenyewe chakula na hema kutoka Pwani.

Lakini kumbukumbu iliyonigusa zaidi haipo njiani kuelekea kileleni. Ipo Old Moshi, katika vilima vilivyo juu ya mji, chini ya mti. Pale ndipo aliponyongwa Mangi Meli, mwana wa Rindi Mandara, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake. Meli hakuwa mtu wa kupuuzwa. Mwaka 1892 majeshi yake yaliwashinda Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, akauawa. Mwaka uliofuata wakarudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Wazee wa pale husimulia kwamba baada ya kunyongwa, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 2 Machi 2019, miaka 119 baadaye, sanamu yake ilizinduliwa mahali hapo.

Habari hii si ya kale tu. Mwezi Septemba 2023 ilitangazwa Berlin kwamba mafuvu kadhaa yaliyohifadhiwa huko yamelinganishwa na vinasaba vya koo za Kilimanjaro, na mojawapo likaonekana kuwa la ukoo wa Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Kwa hiyo wajukuu wa Old Moshi wana sanamu ya babu yao, lakini hawana cha kuzika.

Ndugu msomaji, likizo ijayo ukiwapeleka watoto Moshi, usiwaonyeshe mlima kwa mbali tu, kisha mkanunua ndizi mkarudi mjini. Wapandishe Old Moshi. Hakuhitaji kupanda siku tano wala viatu vya theluji. Wakifika wamwulize mzee yeyote wa pale habari za Meli, wasimame chini ya mti ule wamsikilize. Na walimu wa historia nao wafanye hivyo hivyo, kwani mtoto anayemjua Meyer asimjue Meli amefundishwa nusu ya somo.