Kiko Kiko Wapi?

Katika miaka yote niliyofundisha Kiswahili shuleni, nilipofika kwenye somo la ngeli nilikuwa na sentensi moja ya kuwaamsha wanafunzi waliosinzia: "Kiko kiko wapi?" Darasa lilicheka, na kicheko kilipotulia tuliichambua. Kiko cha kwanza ni nomino ya ngeli ya KI-VI. Cha pili ni ki- ya upatanisho ikiungana na -ko ya mahali. Tukiitia wingi, tunapata "Viko viko wapi?" na kicheko kinaanza upya.

Siku moja binti mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na kiko chenyewe ni nini?" Nikamjibu kwamba ni chombo cha kuvutia tumbaku, kisha nikaendelea na somo. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa jibu maskini, na mimi nililijua umaskini wake kwa sababu nililelewa katika nyumba yenye viko viwili. Makala haya ni deni ninalolilipa kwa kuchelewa.

Tuanze na kamusi. A. C. Madan katika kamusi yake ya 1903, na Frederick Johnson katika ile ya 1939 iliyojengwa juu ya kazi ya Madan, hawakuridhika na jibu kama langu. Wanatueleza kwamba kiko cha wenyeji kilikuwa na sehemu nne, kila moja na jina lake. Juu kabisa kuna bori, kibakuli cha kutilia tumbaku na kaa la moto. Kutoka kwenye bori hushuka digali, mwanzi unaoupeleka moshi majini. Chini kuna chombo cha maji, aghalabu kifuu cha nazi, na hicho ndicho kiko chenyewe. Kutoka hapo hutoka mwanzi wa pili wa kuelekea kinywani, uitwao shilamu au mdakale. Na maji yanapobwabwaja mvutaji akivuta, sauti ile nayo ina jina: malio ya kiko.

Zingatia basi kwamba kwa maana yake ya kale, kiko ni chombo cha maji, wala si bomba kavu. Jambo hili lina ndugu zake ng'ambo ya bahari. Neno nargile, linalotumika Uturuki na nchi za Kiarabu kwa chombo cha namna hiyo, lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni nazi. Mvutaji wa Unguja na mvutaji wa Basra walitumia kifuu kilekile, kila mmoja kwa jina la kwao. Tumbaku yenyewe ni mgeni kwetu sote. Ni mmea wa Marekani ulioenezwa duniani na mabaharia tangu karne ya 16, na Wareno wana sehemu kubwa katika safari hiyo. Jina lake, ambalo kamusi za zamani huliandika tumbako, lina mnasaba na lile la Kireno. Kijaluba cha kuwekea ugoro nacho kiliitwa tabakelo, neno lililotokana na Kireno moja kwa moja.

Huku kwetu bara minazi haikuwapo, na kibuyu kikashika nafasi ya kifuu. Bibi yangu, mzaa baba, aliishi Mkwajuni, wakati ule ikiwa katika wilaya ya Chunya, kabla haijawa makao makuu ya wilaya ya Songwe. Alivuta kwa kibuyu chenye bori la udongo. Tumbaku alipanda mwenyewe nyuma ya nyumba, akaianika kivulini, akaisokota na kuining'iniza darini. Wanawake wa rika lake hawakuona ajabu kuvuta. Hata kusini zaidi, katika bonde la Zambezi, wanawake wa Kitonga wanajulikana kwa viko vyao virefu vya kibuyu na maji. Jioni, kabla ya usingizi, nilizoea kusikia malio ya kiko cha bibi kama wenzangu walivyozoea kusikia vyura.

Mwaka 1972 baba, aliyekuwa dereva wa lori, alirudi kutoka Arusha na kiko cha pili. Kilikuwa cheupe kama jino, chepesi ajabu mkononi, chenye mrija mweusi na alama ndogo ya tembo. Juu yake pameandikwa neno moja tu: KIKO. Bibi alikipokea, akakigeuzageuza, akakinusa, akakitikisa sikioni. Kisha akakirudisha na kusema kwa lugha ya kwetu, "Mwanangu, hiki hakilii." Baba alicheka. Mimi nilidhani bibi ni mshamba. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba alikuwa ametoa hukumu ya kamusi: chombo kisicho na maji hakina malio, na kisicho na malio si kiko.

Kile cheupe kina historia yake, na ni historia ya Tanzania. Kimechongwa kwa jiwe ambalo Wajerumani huliita meerschaum, yaani povu la bahari, na Waturuki huliita kwa jina lenye maana ya jiwe la bori. Ni jiwe jepesi lenye vinyweleo, linalofyonza unyevu na mafuta ya tumbaku, hivyo weupe wake hugeuka polepole kuwa rangi ya asali na hatimaye kahawia. Jiwe bora lilijulikana kutoka Eskişehir, Uturuki. Lakini katika miaka ya 1950 jiwe hilo lilichimbwa pia kwetu, pande za Sinya karibu na mpaka wa Kenya, katika bonde la Amboseli. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ikawa na kiwanda Arusha, ikachonga viko na kuviuza Ulaya na Marekani. Jiwe letu halikuwa laini wala jeupe kama la Uturuki, na kwa sababu hiyo bei yake ilikuwa nafuu. Mvutaji wa London asiyemudu jiwe la Uturuki aliweza kumudu la Arusha, na bila kujua akatamka neno la Kiswahili kila alipotaja chapa yake.

Baba hakusoma vitabu juu ya mambo haya, lakini alikuwa na elimu ya kuchagua. Akikagua kiko, kwanza alichungulia ndani ya bori kuona kama tundu la hewa limetokea chini kabisa. Likiwa juu, tumbaku ya chini hulowa na haiwaki. Pili, alipima kwa vidole unene wa ukuta wa bori, kwa kuwa ukuta mwembamba huunguza mkono. Tatu, aliuliza kama jiwe ni la kipande kimoja au ni unga wa jiwe ulioshindiliwa, maana la unga ni rahisi lakini halifyonzi vizuri. Viko vya mti alivijua pia, vile vinavyochongwa kwa mzizi wa kichaka cha pwani ya Bahari ya Kati, ambavyo mji wa Saint-Claude, Ufaransa, ulipatia sifa. Alisema havina ubaya, ila havibadiliki rangi kwa uzuri.

Katika tumbaku alikuwa makini zaidi. Upande wa Lupa, wilayani kwetu, alipata tumbaku ya mvuke, inayokaushwa ndani ya bani kwa joto lipitalo katika mabomba, moshi usiguse jani. Hiyo ina utamu, lakini ikivutwa kwa pupa huchoma ulimi. Kutoka Songea, ambako ushirika wa Wangoni na Wamatengo ulikuwa ukiuza tumbaku tangu miaka ya 1930, madereva wenzake walimletea tumbaku ya moshi, inayokaushwa juu ya magogo yanayofuka. Hiyo ni nzito, kali, yenye harufu ya jiko la kuni. Alichanganya mafungu mawili ya mvuke na moja la moshi, akayafunga katika kitambaa chenye unyevu kwa siku tatu ili harufu zioane. "Moja ni maneno," alinieleza, "nyingine ni sauti."

Nisiufiche mwisho wake. Baba alikohoa kwa miaka kumi, na alipofariki tulikitoa kiko mfukoni mwa koti lake kikiwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Madaktari wa Chuo cha Kifalme cha London walikwisha kuiandika hatari ya tumbaku katika ripoti yao ya 1962, miaka kumi kabla kiko kile hakijaingia nyumbani kwetu. Maji ya kiko cha bibi nayo hayachuji sumu. Huupoza moshi tu, ukaonekana mpole. Sivuti, wala simshauri mtu kuvuta.

Lakini tumbaku haikufa pale viko vilipokufa. Sigara ndiyo iliyovishinda: haina sehemu za kutaja, haihitaji kuchaguliwa wala kuchanganywa, haimkutanishi mtu na jirani. Tumebaki na madhara, tukapoteza maneno. Bori, digali, shilamu na malio nimewauliza walimu vijana wa Kiswahili, na wengi hawajapata kuyasikia. Neno kiko lenyewe lilichapwa juu ya jiwe na kuvuka bahari, huku nyumbani likibaki mzaha wa somo la ngeli.

Ndiyo maana nawageukia washairi. Mtu akiandika leo kwamba pumzi ya mgonjwa inafanya malio, au kwamba habari ilipita katika digali kabla ya kufika shilamuni, atakuwa ametumia mali iliyokwisha kulipiwa, tena kwa gharama kubwa. Maneno haya hayana moshi. Nimeyapima kwa vidole, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu: bori mizani mbili, digali tatu, shilamu tatu. Bori, digali, shilamu: mizani nane kamili, kipande kizima cha mshororo, kinachoshuka kutoka motoni hadi kinywani. Kilichokosekana humo ni kile cha katikati, chenye maji na sauti. Yule binti aliniuliza juu ya hicho hicho, nami sikumjibu.