Kabla ya Kufunga Mabweni, Tukumbuke Gendia na Kamagambo

Novemba 2024, miezi miwili baada ya moto wa shule ya Hillside Endarasha kule Nyeri kuua watoto 21, Wizara ya Elimu ilifunga mabweni katika shule za msingi 348 nchini. Uamuzi huo uliwapoza wengi, na kwa haki, kwa kuwa baadhi ya mabweni hayo hayakufaa hata kuhifadhi magunia ya mahindi. Lakini tangu hapo kauli moja imezidi kupata nguvu kwenye mikutano ya wazazi na katika vyombo vya habari: kwamba shule ya bweni ni mabaki ya ukoloni, na dawa yake ni kuifuta kabisa. Darasa la kwanza la Gredi ya 10 lilipoingia sekondari pevu mwanzoni mwa 2026, swali la nani alale shuleni na nani atoke nyumbani lilirudi mezani. Katika kaunti za Migori na Homa Bay swali hilo lina mizizi inayofika mwaka 1906. Anayeifuata mizizi hiyo ataona kwamba shule ya bweni ya Nyanza Kusini haikuzaliwa nyuma ya ukuta. Ilizaliwa ikiwa kijiji kilichoonekana na kila jirani, mambo yake yakazungumzwa na waliokipenda na waliokichukia vilevile. Kilichoharibika baadaye ni kule kuonekana.

Historia ya mwanzo inajulikana, kwa hiyo tuipitie kwa haraka. Novemba 1906 mmishonari Mkanada wa Kanisa la Waadventista, Arthur Carscallen, alifika kilima cha Gendia karibu na Kendu Bay pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland ambayo leo ni Malawi. Huyu Nyambo husahaulika mno katika simulizi za kanisa, ilhali ndiye aliyekuja kupeleka Uingereza malalamiko ya Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia mwaka 1914. Carscallen alijifunza Kijaluo, sarufi yake ikachapishwa mwaka 1910, na Mei 1911 Waadventista wakabatiza watu 10 wa kwanza. Kufikia 1914 walikuwa na vituo Wire, Rusinga, Kanyadoto, Karungu, Kisii na Kamagambo, hiki cha mwisho kikiwa karibu na Rongo katika Migori ya leo. Mwaka 1913 Gendia ilipata mtambo wa kuchapisha, na kiwanda hicho kingali kinafanya kazi hadi sasa. Wakatoliki wa Mill Hill nao waliweka msingi wao Asumbi. Katika vituo hivi vijana walisoma, wakalima, wakajenga na kulala palepale. Majirani waliwaita jonanga, watu wa nguo, maana shuka na kaptura ndizo zilizowatambulisha hata kwa mbali kabla hawajafungua kinywa.

Hapa ndipo inapoingia sura ambayo hadithi rasmi za shule huivuka kwa sentensi moja. Mwaka huohuo wa 1913, ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Victoria kule Alego, mtu aitwaye Onyango Dunde alieleza kwamba nyoka mkubwa kupita kiasi alitoka ziwani, akammeza, kisha akamtapika akiwa mzima. Nyoka huyo alijitambulisha kuwa Mumbo, mwenye makao katika jua na ndani ya ziwa, akamtuma Onyango awatangazie watu. Marehemu Profesa Bethwell Ogot na mwenzake William Ochieng', walioandika juu ya vuguvugu hili mwaka 1972, wanalisoma kama upinzani uliovaa joho la dini dhidi ya ukoloni, na ushahidi wao unashawishi. Tazama maagizo ya Mumbo moja baada ya jingine. Msivae nguo za Wazungu, vaeni ngozi. Msinyoe nywele, wala msioge. Chinjeni mifugo mle, kwa maana mwingine utatoka ziwani bila jasho la mtu. Wazungu wataondoka. Kila agizo linagonga jambo fulani lililofundishwa katika vituo vya misheni: nguo, sabuni, wembe, kazi ya shamba, utii kwa kengele. Aliyetunga maagizo hayo alijua vizuri siku ya mwanafunzi wa misheni inavyokwenda, tangu anaponawa uso alfajiri hadi anapoweka jembe chini. Alijua kwa sababu hapakuwa na ukuta wa kumzuia asijue.

Vuguvugu hilo lilivuka hadi Nyanza Kusini na nchi ya Wagusii, likakutana na unabii wa Sakawa ambao Wagusii walikuwa nao tayari. Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani na kuingia Kisii. Maofisa wa Kiingereza waliondoka, watu wakaona kwamba utabiri umetimia, na mji pamoja na vituo vya misheni vya jirani vikaporwa. Waingereza waliporudi walilipiza kisasi kikali kwa kuchoma nyumba na kuteka mifugo. Mwaka 1921 viongozi kadhaa wa Mumbo walihamishiwa Lamu, mbali kabisa na ziwa lao, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilikuwa bado inaliogopa jina hilo kiasi cha kulipiga marufuku. Wapo wanaosimulia mkasa huu kama vita vya giza dhidi ya nuru, na wapo wanaousimulia kama vita vya mzalendo dhidi ya msaliti. Maoni yangu ni kwamba ulikuwa ugomvi wa majirani waliofahamiana. Baba aliyemfuata Mumbo na mwanawe aliyelala Kamagambo walikuwa wa boma moja, na kila mmoja alijua mwenzake amekula nini.

Kuna pingamizi ambalo lazima lijibiwe hapa, nalo ni zito. Mtu atasema: unawezaje kuita hicho kijiji cha wazi ilhali nyuma ya kila misheni palikuwa na bunduki ya Mwingereza, kodi ya kibanda, na chifu aliyeamriwa kupeleka watoto shuleni? Ni kweli, na hakuna sababu ya kulipamba jambo hilo. Lakini nguvu haikuwafanya wanafunzi kuwa mabubu. Mwaka 1908, miaka miwili tu baada ya shule ya Maseno kuanza upande wa pili wa ghuba, wanafunzi waligoma, wakasema wamekuja kusoma wala si kufanya kazi za mikono. Na wale wanaodai kwamba misheni ilifuta utamaduni wote wanapaswa kumtazama Paul Mboya wa Karachuonyo. Alikuwa mchungaji wa Waadventista, akawa chifu, na mwaka 1938 alitoa kitabu cha Kijaluo, Luo Kitgi gi Timbegi, kinachoeleza mila na desturi za Wajaluo kuanzia ndoa hadi mazishi. Mtu aliyelelewa na imani ya jonanga ndiye aliyeandika kwa makini mambo ambayo wafuasi wa Mumbo waliogopa yangepotea. Hilo lisingewezekana kama Gendia ingekuwa gereza lenye vijana waliokatwa kabisa na kwao.

Uwazi huo ulikuwa na mpangilio wake, na unaonekana hadi leo katika shule za Kiadventista za eneo hili. Ijumaa, kabla jua halijazama, shule nzima hubadilika: chakula cha kesho kimeshapikwa, viatu vimeshapigwa rangi, sare zimeshanyooshwa, madaftari yamefungwa. Jumamosi ni ibada, na kanisa lililo ndani ya uwanja wa shule ni kanisa la majirani pia, hivyo mama wa kijijini hukaa benchi moja na mwanafunzi wa sekondari. Kwa saa hizo chache jirani anaona nani amekonda, nani anakohoa na nani hayupo. Hakuna barua ya mwalimu mkuu inayoweza kufanya kazi hiyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanafunzi Waadventista katika shule za umma waheshimiwe katika Sabato yao. Wengi waliuona uamuzi huo kuwa ushindi wa dhehebu. Mimi ninauona pia kuwa ukumbusho kwamba mwanafunzi anayelala shuleni bado ni mtu wa jamii fulani.

Baada ya uhuru shule ziliongezeka, nyingi zikijengwa kwa harambee, na majina kama Rapogi, Kanga, Agoro Sare na Asumbi yakawa fahari ya Nyanza Kusini nzima. Pamoja na fahari hiyo vilikuja vyuma vya madirisha, kufuli, na desturi ya kuficha. Shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67 waliungua katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa. Mwongozo wa usalama wa mwaka 2008 unasema wazi kwamba milango ya bweni ifunguke kuelekea nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Masharti hayo ni mepesi kuandika na mepesi kukagua. Yanakiukwa kwa sababu anayelala ndani hana wa kumwambia, na aliye nje haruhusiwi kuingia hadi siku ya wazazi, wakati bweni limeshapigwa deki na godoro la ziada limeshafichwa. Mara nyingi siku hizi habari ya shule ya bweni hutufikia ikiwa imetanguliwa na moshi.

Je, shule ya kutwa si jibu? Kwa watoto wengi, naam, na hasa kwa wadogo sioni hoja ya kuwaondoa kwao. Lakini kwa vijana wa sekondari hebu tuangalie ramani na takwimu. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika Homa Bay, na kiasi kama hicho Migori, walikuwa wameshapata mimba, ilhali wastani wa nchi ni asilimia 15. Msichana wa Mfangano au wa Nyatike anayetembea alfajiri gizani, au anayebebwa na bodaboda kwa ahadi, hawezi kuambiwa kwamba nyumbani ni salama kuliko shule kwa kuwa tu hakuna kitanda cha ghorofa. Na wale wanaohofia kwamba shule ikifungua mlango itajaa uvumi wanasahau kwamba uvumi hustawi pale ambapo hapana habari. Mwanafunzi anayejua atamwambia nani kuhusu maharagwe yaliyooza hana haja kubwa ya kutafuta kiberiti.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeshatoa nafasi. Bodi ya usimamizi ina wazazi 6 waliochaguliwa, wawakilishi 3 wa mfadhili, mtu wa jamii, na mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Katika bodi nyingi kiti hicho cha mwisho hukaliwa kwa jina tu. Nawaomba wenyeviti wa bodi za Migori na Homa Bay waanze hapo muhula huu: mwanafunzi huyo aitwe, asikilizwe kabla ya hesabu za karo, na alindwe anaposema jambo lisilopendeza. Wazazi wawili na jirani mmoja waingie bwenini usiku wowote wa wiki bila taarifa, wahesabu vitanda, wajaribu milango. Kanisa lililoanzisha shule, liwe la Gendia au la Asumbi, litume mtu wake katika ukaguzi huo. Shule itakayokataa ndiyo wizara ianze nayo.