Kina cha Nakshi: Kutoka Makaburi ya Kunduchi hadi Wino wa Lilanga

Ukitoka Tegeta kuelekea katikati ya jiji la Dar es Salaam kwa Barabara ya Bagamoyo, kisha ukakata kushoto kufuata bahari, unafika Kunduchi, penye magofu ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi ya nguzo yaliyojengwa baadaye. Inafaa kwenda asubuhi. Jua likiwa bado chini, nakshi zilizochongwa kwenye matumbawe husimama juu ya jiwe na vishimo vilivyopachikwa bakuli za Kichina huonekana virefu. Saa sita mchana nakshi zilezile zimelala bapa. Mchongaji alichimba tu. Kivuli alikiachia jua.

Mwenye kalamu na karatasi hana msaada huo. Kina cha pambo lake lazima akitengeneze mwenyewe, na pwani yetu imelifanya hilo kwa muda mrefu, bila kungoja mafunzo ya kutia vivuli kwa penseli.

Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa kituo cha kunakili Korani katika karne za 18 na 19. Kurasa zilipambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Kalamu ya mwanzi iliyochongwa ncha kwa mshazari hutoa mstari mnene ikielekezwa huku na mwembamba ikigeuzwa kule, na unene huo pekee huanza kuinua umbo. Pambo la msuko, la mikanda inayopishana, nalo lina siri yake: mkanda wa chini hukatizwa kidogo kabla ya kuugusa wa juu. Upenyo mweupe usiozidi unywele unatosha jicho kuamini kwamba mkanda mmoja umepita nyuma ya mwenzake.

Lakini aliyeufikisha wino mbali zaidi, kwa maoni yangu, ni George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi, akakulia katika uchongaji wa Kimakonde. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, na kwa msaada wa mjomba wake, Augustino Malaba, akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la watawa la Maryknoll. Haukupita muda mrefu akawa mmoja wa wasanii wake, akichora kwenye karatasi na ngozi za mbuzi, akitengeneza batiki na kuchapa kutoka kwenye mabamba ya chuma. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa kwenye maonyesho jijini Washington.

Tazama michoro yake ya wino. Mashetani wenye masikio makubwa na vidole vichache wameshikana, wamebebana, mguu wa huyu umepita kwapani mwa yule. Kivuli hakuna hata kimoja, na bado hawajalala bapa kama karatasi zilizobandikwa ukutani. Sababu iko kwenye mpingo wanaouchonga Wamakonde. Tangu mchongaji Samaki Likankoa alipoanza mtindo wa shetani miaka ya 1950, wachongaji wamekuwa wakitoboa gogo hadi mwanga upite katikati ya viungo. Lilanga aliyachukua matundu hayo akayageuza kuwa weupe wa karatasi. Kisha akaijaza miili na nguo kwa nukta na mistari ya ukubwa mbalimbali: penye nukta nyingi pakazama, penye chache pakajitokeza. Ni hesabu ya mchongaji, anayejua kwamba palipoondolewa kitu ndipo palipobaki panapoonekana.

Wazungu walikuwa na njia yao ya kutengeneza kina. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, katika michoro yake ya kuchapa ya mwaka 1514, alirundika mistari inayopishana hadi giza likawa na ngazi. Na mtindo wa Zentangle, ulioanzia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, humaliza pambo la kalamu kwa penseli inayosuguliwa pembeni mwa maumbo. Unapendeza, siukatai. Ninachohuzunikia ni kijana wa Tegeta au Mbagala anayekimbilia penseli kabla hajaumaliza uwezo wa wino wenyewe.

Kwake ningeshauri hivi: aamue kwanza nani yuko mbele, amchore mzima, ndipo wa nyuma waishie pembeni mwake kwa upenyo mwembamba. Mstari wa nje wa aliye mbele auneneshe upande mmoja tu. Nukta zije baada ya hapo, kuanzia kwenye maungio. Weusi mzito aubakize hadi mwisho, kwa kuwa wino ukishajaa haurudi nyuma, na mara nyingi atagundua kwamba nusu ya sehemu alizokusudia kuzijaza tayari zimezama zenyewe.