Gango: chuma kinachofunga minara ya Mustang

Breisi ni kipande cha chuma kinachofungwa kati ya sehemu mbili za bodi ili nafasi iliyopo kati yake isibadilike, gari likibeba mzigo au likiingia shimoni. Gereji nyingi hulitamka neno hilo la Kiingereza hivyohivyo na mambo yakaenda. Kazi huanza mtu anapoandika kitabu cha ufundi kwa Kiswahili. Mhimili, tegemeo na kiimarishi hujitokeza haraka, lakini hakuna hata moja linaloitaja kazi yenyewe.

Tuchukue Ford Mustang ya 1965. Gari hili halina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo chesisi. Springi ya mbele imekalia mkono wa juu, na kichwa chake kimeingia kwenye mnara wa bati ulio kando ya injini. Kila pigo la gurudumu huishia kwenye mnara huo. Miaka ikipita, hasa kutu ikila bati la chini ya betri, minara miwili huinama kuelekea injini. Tairi huanza kulika upande mmoja, na alaimenti haishiki tena.

Magari ya soko la Marekani yalifungwa vyuma viwili vyepesi, kila kimoja kikitoka juu ya mnara wake hadi ukuta unaotenganisha injini na abiria. Yaliyouzwa nje yalipewa chuma kimoja kigumu zaidi, kinachoshika minara yote miwili na ukuta kwa pamoja, ndiyo maana wapenzi wa gari hili bado hukiita breisi ya ekspoti. Mustang ya toleo la Shelby GT350 ya 1965 ilikitumia, ikaongeza paipu inayokatiza chumba cha injini toka upande hadi upande. Paipu hiyo huitwa ya Monte Carlo, kwa jina la mbio ambazo Ford Falcon, gari lililoirithisha Mustang sehemu nyingi za chini, ilimaliza ya pili mwaka 1964 ikiendeshwa na Bo Ljungfeldt. Breisi ya ekspoti na paipu hiyo zikifungwa pamoja, hukamilisha pembetatu, umbo lisilopinda kirahisi.

Sasa tupime majina. Mhimili hubeba uzito: ukiung'oa, paa linashuka. Ukiing'oa breisi ya Mustang, gari litasimama palepale, ila bodi itakuwa inajikunja kidogokidogo kila safari. Tegemeo huashiria kitu kimoja kumwegemea mwenzake, ilhali hapa minara inashikana sawa kwa sawa. Kiimarishi ni jina la jumla mno, kwani hata bati la kuchomelea huimarisha.

Napendekeza gango. Neno lipo tayari: ni chuma au ubao unaofungwa kushikamanisha vipande viwili, nalo ni ndugu wa kitenzi kuganga. Anayeganga mfupa hunyoosha kwanza, kisha hufunga, na utaratibu wa kubadilisha breisi ni huohuo. Kabla ya kuagiza gango jipya, pima nafasi kati ya minara. Likifika na matundu yasikutane, kosa huenda si la chuma kipya: minara imeshasogea. Kata kwanza bati lililooza na uchomelee jipya, kisha sukuma minara kwa jeki ya haidroliki hadi vipimo virudi. Ingiza bolti zote kwa mkono, ndipo ukaze kwa spana, na umalizie kwa alaimenti, kwa sababu mnara ukihama hata kidogo, mlalo wa gurudumu hubadilika. Anayepanua matundu kwa drili ili bolti ziingie ameganga mfupa uliopinda.

Katika kuandika, basi, chuma cha ekspoti kiwe gango la ukuta, paipu ya Monte Carlo iwe gango la minara, na wingi uwe magango. Mhimili ubaki kwa kinachobeba uzito. Mwanafunzi akisoma kwamba gango hushika na halibebi, hatategemea chuma kipya kimponyeshee bodi iliyooza.